UZI: Kabla hujabonyeza kalkuleta, uliza "ya nini?" (asilimia, maumbo na fizikia ya kila siku)

Mzani

Wakuu, nianze na swali linalogawa watu kila likitupwa mezani. Kitu kimepanda thamani kwa asilimia 20, kisha kikashuka kwa asilimia 20. Kimerudi kilipokuwa?

Wengi watasema ndiyo, maana 20 toa 20 ni sifuri. Haya, shika 100. Ikipanda asilimia 20 inakuwa 120. Ile asilimia 20 ya kushuka haikatwi tena kwenye 100, inakatwa kwenye 120, nayo ni 24. Umebaki na 96. Anza na kushuka ndipo upande: 100, 80, 96. Ni yale yale. Rudia mchezo huo mara 5 na utabaki na 81.5, huku kila aliyekuwa anajumlisha kwa kichwa akiapa kwamba hakuna kilichopotea.

Hicho ndicho kilichonileta. Kuzidisha na kugawanya si tatizo la mtu siku hizi, kalkuleta iko kwenye kila simu. Watu wanaangushwa na swali wasilouliza: asilimia 20 ya nini? Mara mbili ya nini, ya upana au ya eneo? Mwendo umeongezeka, sawa, na kilichoongezeka pamoja nao ni muda au ni nguvu ya kugonga?

Nimalizie asilimia harakaharaka ili wenye fani zao waingie.

Kupoteza na kurudisha havilingani. Ukipoteza asilimia 20 unahitaji kupata 25 ili urudi ulipokuwa. Ukipoteza 50 unahitaji 100. Ukipoteza 90 unahitaji 900, wala sijakosea kuandika: kutoka 10 kurudi 100 ni nyongeza ya 90 juu ya 10. Kwa hiyo mtu akikwambia mradi ulianguka asilimia 90 "lakini umeshapanda tena 90", ujue umefika 19 kati ya 100.

Punguzo juu ya punguzo halijumlishwi. Asilimia 30 kisha 20 si 50. Unazidisha kinachobaki: 0.7 × 0.8 = 0.56, yaani umepunguziwa 44.

Kodi iliyomo ndani ya bei. Kodi ikiwa asilimia 20 na jumla ni 120, usichukue asilimia 20 ya 120. Gawanya kwa 1.20, unapata 100, kodi ni 20. Ukitazama kutokea kwenye jumla, kodi hiyo ni sehemu moja ya sita, asilimia 16.7. Anayekata 24 anajipunja au anampunja mwenzake.

Riba ikitoka asilimia 10 kwenda 12, imepanda pointi 2, ila mzigo wa riba umepanda asilimia 20. Sentensi zote mbili ni kweli. Mtangazaji huchagua inayomfaa.

Na zawadi ndogo: asilimia 16 ya 25 inakuumiza kichwa? Igeuze. Asilimia 25 ya 16 ni robo ya 16, ni 4. Jibu ni lile lile siku zote.

Swali_Jepesi

Mkuu umetisha. Nina ubishi na mwenzangu wa biashara. Tunanunua kitu kwa 100 tunauza 125. Mimi nasema faida ni asilimia 25, yeye anasema 20. Nani yuko sahihi?

Mzani

Wote. Faida ni 25. Wewe umeigawanya kwa mtaji (100), yeye kaigawanya kwa mauzo (125). Shida itakuja mtakapopanga matumizi. Akisema "asilimia 20 ya mauzo ndiyo yetu", yuko salama. Wewe ukichota asilimia 25 ya mauzo yote ukidhani ni faida, kila 125 utachota 31.25, na ile 6.25 ya ziada inatoka kwenye mtaji. Duka linaweza kuwa na wateja foleni na bado likafa kwa namna hiyo. Kubalianeni mnagawanya kwa nini, muandike juu ya daftari.

Mpita_Njia

Hesabu za darasa la sita hizi, mnazipigia makofi ya nini?

Mzani

Sawa mkuu, ya darasa la sita. Mkopo wa riba asilimia 3 kwa mwezi, usipolipa chochote na riba ikiwa inaingia kwenye deni, mwisho wa mwaka riba ni asilimia ngapi?

Mpita_Njia

36.

Riba_Mbaya

Mpita_Njia amekanyaga pale pale 😂

Ni 1.03 ikizidishwa yenyewe mara 12, inatoka 1.4258. Karibu asilimia 42.6. Ile 6.6 ya ziada ni riba iliyozaa riba.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wa mahesabu ya fedha wanaijua: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, unapata muda wa kitu kuongezeka maradufu. Asilimia 3 kwa mwezi, 72 gawa kwa 3 ni miezi 24. Deni limekuwa mara mbili. Asilimia 8 kwa mwaka ni miaka 9, na ukijaribu kwa kalkuleta 1.08 ikizidishwa yenyewe mara 9 unapata 1.999. Imo kwenye kitabu cha hesabu cha Mtaliano Luca Pacioli, Summa de arithmetica, kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Kwa ukali wa hesabu namba yenyewe inakaribia 69.3, ila 72 inapendwa kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12 bila kubaki.

Inafanya kazi kinyume pia. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, akiba iliyolala ndani ya godoro inabaki na nusu ya uwezo wake baada ya miaka 12 hivi. Ila usiipeleke kwenye viwango vikubwa. Asilimia 36 itakupa miaka 2, wakati 1.36 × 1.36 ni 1.85 tu.

Timazi

Naona fedha imetawala, ngoja na sisi wa ujenzi tupite.

Kupata pembe mraba ya msingi huhitaji kifaa cha gharama. Futi kamba na vigingi vinatosha. Kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Ikija mita 5 kamili, kona iko sawa. Ikizidi, kona imefunguka. Ikipungua, imefunga.

Kosa la vijana wapya ni kutumia pembetatu ndogo. Wanapima sentimita 30, 40 na 50 kisha wanavuta uzi wa mita 20. Ukikosea nusu sentimita tu kwenye ule upande wa sentimita 40, ukifika mita 20 kosa limezidishwa mara 50, umehama sentimita 25. Tumia 6, 8, 10 nafasi ikiruhusu.

Ukishazungusha kona zote, pima ulalo. Msingi wa mita 8 kwa 10: 64 kujumlisha 100 ni 164, kipeuo chake cha pili ni 12.81. Kila ulalo usome hiyo. Halafu kuna jambo mafundi wengi hawalisemi: ulalo kulingana peke yake hakutoshi. Umbo ambalo upande wa mbele ni mfupi kuliko wa nyuma, na mbavu mbili ni sawa, nalo lina ulalo unaolingana. Hakikisha kwanza pande zinazotazamana ni sawa, ndipo ulalo ukupe jibu la pembe.

Swali_Jepesi

Fundi, hii si ndiyo kanuni ya Pythagoras ya shuleni?

Timazi

Ndiyo, ingawa jina limemfikia aliyechelewa. Kuna kibao cha udongo cha Babeli kinaitwa Plimpton 322, kimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kina umri wa miaka 3,800 hivi, zaidi ya miaka elfu moja kabla Pythagoras hajazaliwa, na kimejaa namba za aina hii. Mstari wake mmoja una 45 na 75. Ukizigawanya kwa 15 unapata 3 na 5.

Nimalizie na zege, maana ndiko asilimia zinakouma. Sakafu ya mita 8 kwa 10 yenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 8. Geuza sentimita kuwa mita kwanza, 0.10, usije ukaagiza zege la daraja. Sasa, vitu vikavu vikichanganywa na maji vinakaa vizuri na kupungua, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.54 kupata ujazo wa vikavu. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), saruji ni sehemu moja kati ya saba. Kwa kila mita moja ya ujazo: 1.54 gawa kwa 7 ni 0.22, zidisha kwa kilo 1,440 za saruji kwa mita ya ujazo, unapata kilo 317. Mifuko 6.3 ya kilo 50. Sakafu nzima ni mifuko 51.

Halafu ardhi haikusawazishwa vizuri na unene ukawa wastani wa sentimita 12. Sentimita 2 tu, nani atazijali? Ni asilimia 20. Mifuko 61. Mwenye nyumba atadhani mifuko kumi imeibwa, kumbe imelala chini ya miguu yake.

Bomba_Kuu

Timazi kanifungulia njia. Kwenye mabomba, ugomvi mkubwa ni huu: "Bomba la inchi 1 halipo, weka mawili ya nusu inchi, si ni inchi moja?" Si inchi moja. Maji yanapita kwenye eneo la tundu, na eneo linafuata mraba wa kipenyo. Nusu ya kipenyo ni robo ya eneo. Mawili ya nusu inchi yana nusu ya eneo la lile moja.

Basi weka manne? Hata manne hayafikii, kwa sababu maji yanasuguana na kuta, na bomba jembamba lina ukuta mwingi kwa maji machache. Kwa mabomba ya nyumbani, bomba la kipenyo maradufu linapitisha karibu mara 6 kwa msukumo ule ule. Kwenye vijibomba vyembamba sana ambamo kimiminika kinatiririka taratibu bila kuvurugika ni kali zaidi, mara 16. Hilo lilipimwa na daktari Mfaransa, Poiseuille, karne ya 19, akitafuta namna damu inavyopita. Ndiyo maana tundu likipungua asilimia 20 ya kipenyo, mtiririko haubaki asilimia 80. Ni 0.8 ikizidishwa yenyewe mara nne, asilimia 41.

Tangi. Huwezi kuingia ndani kupima? Zungusha futi kamba nje upate mzingo, gawanya kwa 3.14. Mzingo wa mita 3.77 ni kipenyo cha mita 1.2, nusu kipenyo 0.6. Kimo kikiwa 1.5: 3.14 × 0.36 × 1.5 = 1.7. Hizo ni lita 1,700, na kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, ni tani 1.7 juu ya mnara wako. Unayepanga kuliweka kwenye mbao nne, soma tena.

Na msinunue tangi pana mkidhani litaongeza presha bafuni. Kanieneo inafuata kimo cha maji juu ya bomba, upana hauhusiki kabisa. Kila mita 10 za kimo ni kilopaskali 98. Maji yakiwa mita 3 juu ya bafu unapata 29 hivi, uwe na tangi la lita 200 au bwawa. Mwanahisabati Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges (Ubelgiji ya leo), aliliandika hili mwaka 1586 na hadi leo kuna mteja anabisha.

Gia_ya_Tano

Bomba_Kuu hapo umenisaidia. Sasa sisi tunaotumia matangi ya mafuta yaliyolazwa, tunachomeka fimbo, ikilowa robo tunasema ni robo ya tangi. Sawa?

Bomba_Kuu

La hasha. Tangi la duara lililolazwa ni jembamba chini, pana katikati. Fimbo ikisoma nusu, ni nusu kweli. Ikisoma robo ya kipenyo, ndani kuna asilimia 19.6 tu. Kwa hiyo ukitegemea robo ya lita 10,000 ukidhani una 2,500, una 1,955. Juu ni kinyume: robo tatu ya fimbo ni asilimia 80.4. Umbo la koni, kama faneli, ndilo baya kuliko yote. Likijaa hadi nusu ya kimo, lina sehemu moja ya nane.

Mvua_Kidogo

Kwenye maji msisahau la paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Paa linalofunika mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 20, ni lita 1,600, toa asilimia 10 hadi 20 zinazopotea kwa kuruka na kulowesha bati. Pima eneo la ardhi lililofunikwa na paa, usipime bati lenyewe kwa mteremko. Mvua inayodondoka wima haijui kama paa lako limeinuka.

Gia_ya_Tano

Nimewasikia. Ila Mzani pale juu umeandika "nguvu ya kugonga" kama unatutisha sisi madereva. Mtu akienda 60 badala ya 50 ameongeza asilimia 20. Basi na umbali wa kusimama umeongezeka asilimia 20, yameisha.

Mzani

Hayajaisha mkuu. Hili nalijibu taratibu kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kwanza geuza kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde: gawanya kwa 3.6. Mwendo wa 50 ni mita 13.9 kila sekunde, 60 ni mita 16.7.

Chukua magari mawili sawa, yako sambamba, barabara kavu, breki nzuri za kupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Mtoto anatokea mbele. Madereva wote wanachukua sekunde moja kuona, kuelewa na kukanyaga. Katika sekunde hiyo hakuna breki, gari linakwenda tu. La 50 limekula mita 13.9. La 60 limekula 16.7.

Sasa breki. Umbali wa breki ni mraba wa mwendo gawanya kwa mara mbili ya upunguaji. La 50: 13.9 × 13.9 gawa kwa 14, ni mita 13.8. Jumla mita 27.7. Limesimama hapo.

La 60 linahitaji mita 19.8 za breki. Jumla 36.5. Tayari ni ziada ya asilimia 32, na ukitazama breki peke yake ni 44, kwa kuwa 1.2 × 1.2 ni 1.44.

Lakini swali lenyewe ni hili: pale kwenye mita 27.7, gari la kwanza lilipotulia, la pili linakwenda kasi gani? Watu hujibu 10, kwa sababu 60 toa 50 ni 10. Tukokotoe. Limebakiwa na mita 11 tu za breki kufika hapo. Mraba wa mwendo wake ulikuwa 277.8, mita 11 za breki zimekata 14 × 11, yaani 154. Imebaki 123.8. Kipeuo cha pili ni 11.1. Zidisha kwa 3.6.

Ni kilomita 40 kwa saa.

Gari moja limesimama, lenzake linapita hapo hapo kwa 40. Mwendo huo ni sawa na wa kitu kilichodondoka kutoka kimo cha mita 6.3, kama ghorofa ya pili. Nishati mwendo inafuata mraba, kwa hiyo kila mita ya breki inakata mwendo kidogo mwanzoni wakati gari lina kasi, na mwingi mwishoni. Mita za mwisho ndizo zinazookoa, nazo ndizo ulizozikopa ukiwa 60.

Gia_ya_Tano

Duh. Na lori lililojaa je? Maana kwenye hesabu yako uzito sijauona.

Mzani

Umeona vizuri. Kwenye hesabu safi ya msuguano wa tairi na barabara uzito unajikata: kilo zikiongezeka, msuguano nao unaongezeka. Kinachofanya lori lichelewe kusimama ni breki zenyewe. Zinapata joto jingi zaidi la kumeza, na breki za upepo zinachukua muda kidogo kabla hazijabana. Barabara ikilowa, ile 7 yangu inaweza kushuka hadi 4, na la 60 litahitaji karibu mita 35 za breki peke yake.

Na kwa wanaosema wanakimbiza ili wawahi: safari ya kilomita 100 kwa mwendo wa 80 ni dakika 75. Kwa 100 ni 60, umeokoa 15. Kwa 120 ni 50, umeokoa 10 zaidi. Kwa 140 ni karibu 43, umeokoa 7. Kila unavyoongeza unavuna kidogo, na unachoweka rehani kinapanda kwa mraba.

Mpita_Njia

Nimerudi. Nimekwenda kwa 60 nikarudi njia ile ile kwa 40. Wastani ni 50, au na hapa mna la kwenu?

Riba_Mbaya

Tunalo 😂 Njia ikiwa kilomita 120, kwenda ni saa 2, kurudi saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Ule mwendo wa polepole unakaa nao muda mrefu zaidi, kwa hiyo una kura nyingi. Ndiyo maana ukitumia 30 kwenye nusu ya kwanza ya njia, huwezi tena kupata wastani wa 60 kwa safari nzima hata upae. Muda wote wa safari ya 60 umeshakwisha.

Swali_Jepesi

Wakuu, na umeme? Hita yangu ya maji imeandikwa wati 2,000 kwa volti 230. Jioni umeme unashuka asilimia 10 na naona inachelewa mno, zaidi ya hiyo 10.

Mzani

Unaona vizuri, mraba tena. Hita ni waya wenye ukinzani. Volti zikipungua, mkondo nao unapungua, na nguvu ni volti mara mkondo. 0.9 × 0.9 ni 0.81. Wati zako zimekuwa 1,620.

Lita 10 kutoka nyuzi 25 hadi 65: 10 × 4,186 × 40 ni jouli 1,674,400. Kwa wati 2,000 ni dakika 14. Kwa 1,620 ni dakika 17 na ushee. Muda umeongezeka asilimia 23, kwa sababu ni 1 gawa kwa 0.81. Uniti utakazolipa ni karibu zile zile, 0.47, na kidogo juu kwa joto linalopotea ukisubiri. Mota za pampu na friji usizipime kwa hesabu hii. Zenyewe volti zikishuka huvuta mkondo zaidi ili zisukume mzigo ule ule, na ndiyo njia mojawapo ya kuungua.

Gia_ya_Tano

Mimi la mafuta. Nina bajeti ya kufanyia ukarabati gari moja. Lori linakwenda kilomita 5 kwa lita, fundi anaahidi 6. Gari dogo linakwenda 15, anaahidi 18. Asilimia ni 20 kote, nichague lile la kuongeza kilomita 3?

Riba_Mbaya

Pima kwa lita za kilomita 100. Lori linatoka lita 20 hadi 16.7, umeokoa 3.3. Gari dogo linatoka 6.7 hadi 5.6, umeokoa 1.1. Kama yanatembea sawa, lori linakuokolea mara tatu. Kilomita kwa lita ni kipimo kizuri cha kujisifia, lita kwa kilomita 100 ni kizuri cha kulipia.

Mvua_Kidogo

Fundi Timazi, kabla hujaondoka. Tunatengeneza njia ya kiti cha magurudumu mlangoni. Mchoro unasema mteremko asilimia 8, mwenzangu anasema ni nyuzi 8. Asilimia 100 si ni ukuta wima?

Timazi

Asilimia 100 ni nyuzi 45 dada au kaka, siyo ukuta. Asilimia ya mteremko ni kimo gawa kwa umbali wa chini. Ukipanda mita 1 kwa kila mita 1 umefika 100, na ukuta wima hauna asilimia, maana ungegawanya kwa sifuri. Asilimia 8 ni nyuzi 4.6. Nyuzi 8 zingekuwa asilimia 14, kiti kinarudi nyuma na aliyekikalia.

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani asilimia 8.3. Mlango wenu una kimo gani kutoka chini?

Mvua_Kidogo

Sentimita 45.

Timazi

Basi 45 × 12, sentimita 540. Mita 5.4 zipimwe chini kwa usawa, msizipime juu ya mteremko. Mkifuata ile 8 kamili ya mchoro, ni mita 5.63. Na juu mbele ya mlango acheni sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, kiti kipate pa kugeukia mlango ukifunguliwa kwa nje.